Jani Lipimwe Upya

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tena, kwa hiyo fundi wa maabara alinawa kwa kikombe, akavaa koti lake jeupe na kufungua kabati la joto. Ndani mlikuwa na sahani tatu za plastiki zenye vishimo, na kila kishimo kilikuwa na seli alizozilea kama mtu anavyolea vifaranga. Sahani ya kwanza ilitiwa virusi vya mafua pekee. Ya pili, virusi na maji ya jani. Ya tatu ilitiwa maji ya jani matupu, ili ijulikane jani lenyewe linazifanya nini seli.

Jani lilikuwa la mama yake. Mama aliuza mitishamba sokoni, ng'ambo ya barabara kutoka lango la taasisi ya utafiti yenye maabara hiyo, na tangu fundi akiwa mdogo alikuwa akiwachemshia watu jani hilo wakishikwa na mafua makali. Sasa askari wa soko walikuwa wamemkalia kooni: leo alete cheti cha taasisi kwamba jani limepimwa, la sivyo afunge kibanda. Asubuhi alimpigia binti yake simu kumwomba asimwangushe.

Kipimo cha jana kilionyesha kwamba kwenye sahani ya pili virusi havikuzaliana hata kidogo, na taasisi nzima ikaanza kuchekacheka. Fundi mwenyewe alilala na furaha. Leo aliiweka ya tatu chini ya darubini, na furaha ile ikamtoka. Seli zote zilikuwa zimekufa, zimejikunja na kubanduka. Jani halikuvishinda virusi, liliziua seli kabla virusi havijapata pa kuzaliana. Maiti hapati mafua.

Alimwita mkurugenzi. Naye akainama, akatazama, akashusha pumzi. Alikuwa mtafiti hodari kabla ya kupewa kiti cha kuzunguka, na hakuhitaji kuelezwa. Lakini wageni wa wizara walikuwa njiani, na idara isiyo na habari njema ilikuwa inafungwa mwaka huo. Fundi akamsihi warudie kipimo kwa maji ya jani mepesi zaidi. Mkurugenzi akasema muda hakuna.

"Osha hiyo sahani," alisema. "Wageni wataona mbili tu. Mkataba wako nitauongeza, na cheti cha mama yako nitakitia saini mwenyewe."

Hapo fundi alitamani kuosha. Mtu asimdanganye mwenzake kwamba ukweli ni rahisi kwa mwenye mama sokoni. Aliibeba sahani mpaka kwenye sinki, akakumbuka bomba ni kavu, akasimama pale na hasira ikampanda. Kisha akairudisha chini ya darubini.

Wageni walipofika, mgeni rasmi aliinamia darubini, akasifu jinsi seli zilivyopendeza. Akauliza dawa itafika lini madukani.

"Mheshimiwa, hizo zimekufa," fundi alisema. "Hakuna kirusi kilichozigusa. Zimeuawa na jani."

Mkurugenzi alicheka kwa adabu, akasema mwenzao amechoka. Kabla wageni hawajamaliza chai, fundi alivuliwa koti na kusindikizwa mpaka langoni.

Sokoni alimkuta mama akibishana na askari. Alimweleza yote, bila kumficha hata lile la saini.

"Umenitilia kitumbua mchanga mwanangu mwenyewe," mama alisema, akageuka kufunga mafungu yake. Alifunga moja, akafungua, akafunga tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo linaua?"

"Kwa ukali ule, ndiyo, mama. Kwa maji mepesi unayowapa watu, hatujui. Nilitaka tupime, wakakataa."

"Nimewanywesha wajukuu zangu," mama alisema. "Na wakubwa zako walikuwa tayari kulitangaza jani langu hivyohivyo?"

Alimwambia askari asijisumbue, kibanda anakifunga mwenyewe. Akajitwika mzigo wa majani na kuvuka barabara, binti yake akimfuata.

Magari ya wageni yalikuwa yanatoka. Mama aliutua mzigo katikati ya lango, mbele ya gari la kwanza. Mlinzi, aliyezoea kununua dawa kwake, alimbembeleza asogee. Mkurugenzi akashuka kutoka gari la pili, akaona ni nani, na akili ikamfanyia kazi upesi. Alitoa karatasi yenye nembo ya taasisi, akaiweka juu ya boneti na kufungua kalamu.

"Mama, shida yako si cheti? Nakuandikia sasa hivi."

"Hicho kaa nacho," mama alisema. "Mimi nimeleta jani. Lipime kali, ulipime na jepesi, uniambie kama nawatibu watu au nawaua."

Mgeni rasmi aliteremsha kioo na kuuliza kuna nini. Mkurugenzi alifunga kalamu. Dereva akapiga honi. Mama akaketi juu ya mzigo wake, akamsogezea binti yake nafasi, na fundi naye akaketi.