Likelemba ya Maji

"Koko, ni kweli muke wa Anaclet anashuka ziwani kila asubuhi kwenda kuoga? Kwenu sabuni imeisha?"

Ni jirani yetu Joviale aliniuliza vile, mimi bibi yao, kwenye robine yetu ya Cimpunda, bomba la maji la mutaa wote, mbele ya wamama wote. Wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana nikikasirika kila mara Joviale anafungua kinywa, nitakufa mapema, na yeye atakula vizuri kwenye matanga yangu.

Nikamwambia: "Haendi kuoga, mwanangu. Anajitayarisha kushindana. Wanawake wataogelea kule Muhumba, kando ya ziwa, na watatu wa kwanza wataenda Goma kuogelea kwa jina la Bukavu."

"Mama wa watoto wawili?"

"Ndiyo. Mama wa watoto wawili."

Colombe, muke wa mutoto wangu Anaclet, alizaliwa Katana, ziwa likiwa chini ya mulango wao. Alijua kuogelea mbele ya kujua kusoma. Alipoolewa alipanda huku Cimpunda, ambako maji tunayaona kwenye bidon tu, madumu yetu ya plastiki. Anaclet anaendesha camion barabara ya Shabunda, anaweza kumaliza mwezi hajarudi. Colombe anauza dawa kwenye pharmacie moja ya mujini mupaka jioni. Siku moja Papa Grégoire, kocha wa kuogelea, akaja kununua dawa ya mugongo. Wakaongea. Tangu siku ile huyu mutoto hakutulia tena.

Kuogelea hakukumushinda. Asubuhi ndiyo ilimushinda. Mazoezi yanaanza mwangaza ukitoka, na ni saa ileile robine yetu inafunguliwa. Ukiikosa, nyumba inashinda bila maji. Tunapanga bidon kwa mustari. Hata ukienda kukaa pembeni, bidon yako inakushikia nafasi. Mimi magoti yangu hayapandishi tena bidon kwenye mulima huu. Basi Colombe alikuwa anapanga mustari, anapandisha maji, anavalisha watoto, anakimbia mupaka Muhumba, na kule anakuta wenzake wameshatoka majini wanajipanguza.

Jioni moja tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, akasema: "Mama, Papa Grégoire ameniambia nichague. Nikiendelea kuchelewa, hataandika jina langu. Nitaacha tu."

"Unataka kuacha?"

"Hapana."

Mimi sikusoma sana, lakini likelemba ninaijua. Kila mwanamuke wa Bukavu anaijua: wote wanatoa kidogo, yote inaenda kwa mumoja, kesho ni zamu ya mwingine. Nikajiuliza, kama tunaifanya kwa feza, kwa nini tusiifanye kwa maji? Kwenye sala ya shirika letu la Wakristo wa mutaa, tulipomaliza rozari, nikasimama. Nikaomba wamama wamupandishie Colombe maji, kila mumoja asubuhi yake, mupaka siku ya shindano. Kisha Colombe naye atarudisha kwa kila mutu, siku ambayo mutu huyo atachagua.

Joviale akapiga makofi. "Ee Mungu! Muke wa mutu anavaa kakaptula mbele ya wanaume, na sisi tumubebee maji!"

"Wewe ulipozaa mapacha, nani alikufulia nguo?"

"Koko, ile ilikuwa kuzaa. Hii ni muchezo."

"Ni kweli," nikasema. "Kuzaa, wewe haungeweza kuacha. Huu muchezo anaweza kuuacha kesho, na hakuna atakayemulilia. Ndiyo maana ninaomba."

Godelive, jirani yetu wa chini, akainua mukono. "Mimi ninaingia. Lakini siku yangu ninaichagua sasa: asubuhi watakapoleta mahari ya mutoto wangu Bintu. Siku ile nitahitaji maji mengi." Mahari ilikuwa juma moja baada ya shindano. Tukaona iko sawa. Wengine wakaingia, na mwishoni hata Joviale, akinung'unika.

Sitasahau asubuhi zile. Nilikuwa ninasikia bidon ikiwekwa mbele ya mulango, kisha miguu ikiondoka. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyengoja kushukuriwa. Na Colombe alikuwa anarudi toka ziwani macho mekundu, anakula viazi kama mupiga jembe, anaenda kazini akiimba.

Siku ya shindano ilipofika, upepo ukaamka na ziwa likachafuka. Wakubwa wa shindano wakasukuma yote mupaka Jumamosi ya kufuata. Ndiyo siku ya mahari ya Bintu.

Nilivaa kitenge niende kumuomba Godelive abadilishe siku yake. Colombe akanizuia mulangoni.

"Mama, usiende. Yule alinibebea maji na mvua inamupiga. Nikimuangusha siku ya mutoto wake, likelemba imekufa, na mimi ndiye nimeiua."

"Na Goma?"

"Nitapandisha maji yake kwanza. Nikikuta wameshaingia ziwani, basi."

Jumamosi tulifika kwenye robine mapema, lakini mustari ulikuwa umeshakuwa murefu. Ni siku ya kufua. Bidon za Godelive zikawa za mwisho kabisa, na robine ilikuwa inatoa kamaji kembamba kama uzi. Jua likatoka. Colombe alikuwa anaangalia tu chini kule, upande wa ziwa. Nikashika rozari yangu ndani ya kitenge.

Kisha Joviale akasimama. Alikuwa karibu na robine kabisa. Akabeba bidon yake, akapita mbele yetu sisi wote, akaibwaga nyuma ya zile za Godelive.

"Munaniangalia nini? Mimi simupendi. Lakini akishindwa leo, sitaki aje kutuambia ni mustari wa Cimpunda ndio ulimushinda."

Mwingine akavuta bidon yake pembeni. Na mwingine. Zilikuwa zinakwaruza mawe, krr, krr, mupaka zile za Godelive zikabaki mbele peke yake. Kwenye robine yetu mutu hamwachii nafasi hata padri. Nimezeekea hapa, sijawahi kuona jambo lile.

Colombe alipandisha zote, hakubakisha hata moja. Kisha akaruka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, na mimi nikafuata na nyingine, nikimukamata mabega motari aliyekuwa ananiendesha, kwa woga.

Nilipofika Muhumba walikuwa wameshaingia. Walipaswa kuzunguka mutumbwi uliofungwa mbali, kisha warudi. Mimi niliona vichwa tu.

"Ile kofia ya njano, Koko," Papa Grégoire akanionyesha. "Alifika wenzake wakijipanga. Hakupata hata nafasi ya kupasha mwili moto."

Wa kwanza akatoka, wa pili akatoka. Nyuma yao kofia ya njano na kofia nyeupe zilikuja pamoja, bega kwa bega, na mukono wa Colombe ndio ulitangulia kugusa. Wa tatu! Nilipiga vigelegele mupaka sauti ikakatika.

Alitoka akitetemeka na kucheka. "Mama, mwili ulikuwa umeshapata moto. Bidon za Godelive!"

Tulifika kwenye mahari nywele zake zingali zinadondoka maji. Godelive akaacha wageni wake, akachukua jagi, akamumiminia Colombe maji ya kunawa, yeye mwenyewe, kama vile munamiminia mugeni mukubwa.

Joviale akapita na sahani ya bugali. "Champion, Jumatatu ni zamu yangu. Niko na nguo za mapacha za juma nzima."

"Nitakuja mbele ya jua, dada."

"Tutaona. Na usiniletee harufu ya samaki."

Jumatatu, kungali giza, nilisikia Joviale njiani akimupigia Colombe kelele apande haraka. Nikainuka niwashe moto. Likelemba ya Colombe ilikuwa imeshaisha, lakini nilipofungua mulango, bidon yetu ilikuwa pale, imejaa. Hakuna aliyegonga.