Mipira Mipya kwa Pikipiki ya Gisa

Mama Nyiraneza alimtambua mwanawe kwa mlio wa pikipiki kabla haijavuka daraja la Kalembe. Nani asingeutambua? Masisi nzima watu wanaendesha vipikipiki vyepesi vinavyopozwa na upepo. Gisa peke yake, kwa ubishi wake, alikuwa amenunua lile zee lenye rejeta lililoachwa na daktari wa ng'ombe, zito kulisukuma, lenye sauti ya kukohoa. Mama aliposikia kikohozi hicho aliweka ndoo ya maziwa chini na kutoka mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa bado mkononi.

"Gisa! Gisa wangu!"

Walioshuka kwenye pikipiki walikuwa wanaume wawili wenye bunduki. Mkubwa wao alivaa koti la mvua la manjano ingawa jua lilikuwa kali. Mwenzake alisimama nyuma yake, kimya.

Munyakazi, kaka yake Gisa, alikuwa amechuchumaa katika kibanda chake cha ufundi kando ya barabara, mikono imejaa grisi. Gisa alikuwa hajaonekana tangu alipoondoka na jibini kwenda kuuza sokoni Shasha, na katika muda wote huo hakuna aliyethubutu kutamka neno lililokuwa vichwani mwa wote. Sasa pikipiki yake ilikuwa hapa, imepakwa rangi nyeusi kwa brashi ya ukutani, na mwenyewe hayupo.

"Gisa njo nani?" akauliza mwenye koti la manjano.

Hapo ndipo mtu anapotakiwa kuwa na akili ya haraka, na Munyakazi hakuwahi kusifiwa kwa hilo. Lakini hofu ina namna yake ya kumkokota mtu mzito. Alijua, kama kila mtu wa Kalembe alivyojua, kwamba watu hawa wakigundua mateka wao ana ndugu, humchukua na ndugu, mmoja afanye kazi na mwingine apigwe kazi inapokwenda polepole.

"Ndama, chef," akamjibu mkubwa huyo. "Ndama yetu. Imekata kamba tangu asubuhi, mama iko naitafuta tu."

"Ndama munaipatia jina ya mutu?"

"Mama njo anapatiaka majina. Miye sina neno hapo."

Mwenye koti akacheka. "Basi. Dereva wetu naye banamuita Gisa. Hii piki ilikuwa yake."

Mama alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja. Mkono uliokuwa ukienda kuziba mdomo aliugeuza njiani, akafunga kitambaa kichwani taratibu, kama mtu aliyetoka nje kwa ajili hiyo tu. "Nitaitafuta kule nyuma," akasema, akaingia ndani. Mwanamke yule! Mimi ningeanguka.

Basi Gisa alikuwa hai. Munyakazi aliinama juu ya pikipiki ili uso wake usionekane, na alichokiona kilimzidishia hofu. Mpira wa chini wa kupitishia maji ya rejeta ulikuwa bado umefungwa kwa utepe wa tairi la ndani na kamba ya kufungia ndama, fundo lake mwenyewe alilolifunga kabla ya safari ya Shasha. Utepe ulikuwa umelowa. Mipira yote miwili ilikuwa imechoka, imevimba kwenye viungo, na ukiikunja kidogo inaonyesha nyufa. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia Gisa aibadilishe, na Gisa akajibu kwamba atakaporudi ndipo wataitazama.

Mwenye koti la manjano akatupa kifurushi chini. Ndani yake mlikuwa na mipira mipya, myeusi, inayonukia duka.

"Weka hizi durite. Hii piki inatuchosha. Kila mulima inachemka. Yule dereva peke yake njo anajua kuibembeleza: simama hapa, mwaga maji hapa, ngoja kidogo, enda. Bila yeye haifike."

"Ni muzuri, hii durite," Munyakazi akasema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

"Ikipona, miye mwenyewe nitaiendesha." Mwenye koti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bunduki magotini. "Yule anakula tu chakula yetu. Na ameona njia zetu zote. Kumuachia arudi kwao, haiwezekani."

Alisema hivyo bila hasira yoyote, kama mtu anayezungumzia kuku aliyeacha kutaga. Yule kimya akatema mate pembeni.

Munyakazi alishika bisibisi. Sasa alielewa yote, na afadhali asingeelewa. Uhai wa mdogo wake ulikuwa umening'inia kwenye mipira hii miwili mibovu. Ilipovuja, Gisa alihitajika. Siku itakayoacha kuvuja, yaani leo, kwa mikono ya kaka yake, Gisa atapelekwa porini na hatarudi. Na kukataa kazi kungekuwa nini? Wangempiga risasi palepale mbele ya mama, kisha wangetafuta fundi mwingine kijiji cha Kingi au popote.

Alilegeza pete ya kwanza ya kukazia. Maji machafu yakamwagika miguuni pake. Mwenye koti la manjano hakuyaondoa macho mikononi mwake, naye Munyakazi aliogopa hata kupumua kwa nguvu. Aliwaza kuukata mpira mpya upande wa ndani. Wangeuona. Aliwaza kuiacha pete imelegea. Mwenye koti aliinuka, akauvuta mpira wa juu kwa nguvu zake zote kuona kama umeshika, akarudi kukaa. Kwa hiyo Munyakazi alikaza pete, zote, vizuri, kama alivyofundishwa. Jasho lilimtiririka puani. Kila zungusho la bisibisi lilimuuma kama analizungusha mwilini mwa Gisa.

Ilibaki kujaza maji.

Sasa, asiyejua pikipiki za namna hii anisikilize. Ukibadilisha mipira, maji yote hutoka na hewa huingia mahali pake. Ukijaza tu na kufunga, rejeta itaonekana imejaa hadi shingoni nawe utaridhika. Kumbe hewa imejibanza juu kwenye injini, na maji hayapiti. Ni lazima uiwashe mfuniko ukiwa wazi, uiinamishe upande, uibinyebinye mipira mapovu yatoke, uongeze maji, urudie tena na tena. Ni kazi ya kuchosha. Munyakazi aliwahi kumpiga Gisa kofi kwa kuiruka, na tangu siku hiyo Gisa hakuacha kumtania. Hata mezani, Munyakazi akisahau chumvi, mdogo mtu angeuliza: "Kaka, umetoa hewa?"

Munyakazi alimimina maji hadi yakafika mdomoni mwa rejeta. Mkono wake ukaenda wenyewe kuubinya mpira, kwa mazoea. Akaurudisha.

"Angalia, chef. Imejaa."

Mwenye koti akachungulia, akaona maji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Munyakazi akafunga mfuniko.

Angekaa kimya, ingekuwa vizuri. Lakini hofu ikamfungua kinywa. "Ikikataa, muulize dereva wake. Piki ya zamani inazoea mutu."

"Itakataa sababu gani?"

"Hapana, chef. Nasema tu."

Mwenye koti la manjano akaitundika bunduki begani. Kisha akapiga stata, mwenzake akapanda nyuma, na pikipiki ikakohoa kurudi kwenye mlima walioteremka, unaoanzia pale nyumba za mwisho zinapoishia.

Munyakazi akaweka bisibisi chini. Alikaa juu ya ile ndoo, akasikiliza. Mama akatoka, akakaa chini karibu naye. Mlio ulipanda, ukawa mzito, ukapanda tena, ukaanza kugugumia. Halafu ukakatika. Juu ya migomba kukatoka moshi mweupe wa mvuke.

"Umefanya nini?" mama akanong'ona.

Kabla hajajibu, risasi ililia angani na sauti ikashuka kutoka mlimani. "Wee fundi! Panda huku!"

Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Usiende, mwanangu."

"Nisipoenda, banashuka. Mukae ndani, Mama. Hata musikie nini, mukae ndani."

Alipanda akijikwaa njia nzima. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye kona, mvuke ukifoka kwenye mfuniko. Na kutoka migombani, walikokuwa wamewaacha watu wao wengine na mizigo, walikuwa wanamleta Gisa.

Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa mbele. Alikuwa amekonda mpaka shati lilionekana la mtu mwingine. Ndevu zilimwota hovyo, na jicho moja lilikuwa limevimba. Aliinua kichwa, akamwona kaka yake, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Munyakazi naye akatazama chini. Ndugu wawili waliolala mkeka mmoja utoto wao wote, wakasimama pale kama watu waliokutana sokoni kwa bahati mbaya.

"Mumoja hapa ananidanganya," mwenye koti la manjano akasema. Mdomo wa bunduki ulikuwa kifuani mwa Munyakazi. "Durite mupya, maji imejaa, na inachemka kuliko zamani. Eleza."

"Chef, gusa mwenyewe. Hakuna hata tone." Munyakazi akaonyesha mipira kwa kidole. "Durite iko muzima."

Mwenye koti akagusa. Kweli, mikavu kabisa. Hilo likamkasirisha zaidi. Akamgeukia Gisa. "Na wewe? Iko na nini?"

Wakamfungua mikono. Gisa alichukua kitambaa kichafu, akangoja mvuke upungue, akafungua mfuniko polepole na kuinamisha sikio. Munyakazi alijua anachokisikia. Yale maji yaliyokuwa yakigugumia huku yamejaa yalimwambia Gisa kila kitu. Sasa angeinua kichwa na kusema maneno yale aliyoyasema mara elfu, kwa mzaha, kwa mazoea tu, kwa furaha ya kumwona kaka yake akikosea: Kaka, umetoa hewa? Neno moja hilo, na wote wawili wangelala pale kwenye kona. Na kwa nini asiseme? Hajui kilichosemwa kibandani. Hajui kwamba kupona kwa pikipiki ni kufa kwake. Munyakazi aliomba, midomo imefungwa, sala ambayo haikuwa na mwanzo wala amina.

Gisa alibaki ameinama. Akaupitisha mkono kwenye mipira mipya, akazigusa pete moja moja, akaona jinsi zilivyokazwa. Alimjua kaka yake. Mtu anayekaza pete namna hiyo hasahau hewa.

Akasimama upande ambao mwili wake uliziba macho ya mwenye koti la manjano. Akaiinamisha pikipiki upande, kwa sauti akiikemea kama ng'ombe mkaidi, na chini, mahali ambapo ni Munyakazi peke yake angeweza kuona, vidole vyake vikabinya mpira. Mapovu yakatoka. Akaongeza maji ya chupa, akabinya tena kidogo. Kisha akaacha. Kazi ilikuwa haijaisha, hata nusu, nao wote wawili walijua. Akafunga mfuniko.

"Washa," mwenye koti akasema.

Ikawaka. Ikakohoa vizuri, haikuchemka.

"Umefanya nini?"

"Inanizoea, chef," Gisa akajibu. "Fundi amefanya kazi yake. Lakini huko mbele itachemka tena, na nitaibembeleza tena. Iko hivyo. Bila miye haifike Walikale."

Mwenye koti la manjano akalaani mipira, akailaani pikipiki, akamlaani na daktari wa ng'ombe ambaye hakumjua. Halafu akapanda nyuma. "Endesha, basi."

Gisa akashika usukani. Hakumtazama kaka yake alipoondoka. Alisema tu, akitazama barabara, "Aksanti, Papa," kama anavyoambiwa fundi yeyote na mteja yeyote. Wengine wakafuata kwa miguu na mizigo yao, na ile sauti nzito ikazidi kwenda mbali, ikasimama mahali, ikaendelea.

Munyakazi aliteremka. Mama alikuwa mlangoni, hakuwa amekaa ndani hata kidogo. Alikuwa amesikia pikipiki ikiwaka na kwenda.

"Ni yeye anaendesha," akasema. Hakuwa anauliza. Mama mzazi anajua mkono wa mtoto wake.

"Ni yeye, Mama."

"Alikuona?"

"Aliniona."

Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na piki yake, umemutengenezea muzuri?"

"Mubaya, Mama," Munyakazi akasema. "Nimemutengenezea mubaya kabisa." Akakaa chini kizingitini, mtu mzima na grisi zake, akalia.