Kiboksi cha Kassian

Balbina alikifukia kiboksi cha marehemu mumewe ndani ya kiroba cha mpunga, akaamini amekihifadhi. Na nani angemlaumu? Ifakara vitu vingi vya thamani hulala mpungani, kuanzia hati ya kiwanja mpaka mkufu wa ubatizo, kwa sababu masika maji yakiingia ndani, kiroba kilicho juu ya uchaga ndicho hubaki kikavu. Humo kikalala kiboksi cha chuma ambacho Kassian alikuwa akikikanyaga ili gitaa lake la besi litoe sauti nene yenye mawimbi.

Kilitolewa mwaka tisini na sita, wiki ya harusi ya binti yao, Oliva. Balbina alitaka jambo moja tu: mwanawe aingie ukumbini kwa besi ya baba yake. Kamati ya upande wa bwana harusi ilikuwa na mipango mingine. Walishamleta mtu wa disko kutoka Morogoro, mwenye kaseti tele na spika ndefu kuliko mlango. Wakasema, kwa adabu zote, kwamba wazee wajaribu, ila wakishindwa disko lipo.

Neno "wazee" lilimchoma Wendelin, ambaye Balbina alimwomba aipige besi ya Kassian. Yeye na Kassian walisimama bega kwa bega enzi za bendi yao, yeye kwenye solo, mwenzake kwenye besi, na watu walijaa ukumbini mpaka wengine wakacheza nje, baiskeli zimelala majanini. Sasa anauza vipuri vya baiskeli mtaa wa Viwanja Sitini. Ah, zama zile! Besi alijua kuipiga vizuri tu. Asichokuwa nacho ni ile sauti, na sauti ilikuwa kwenye kiboksi.

Alipokijaribu mara ya kwanza, spika ilikwaruza mpaka kuku wakakimbia. Akafungua parafujo. Ndani kulikuwa na pumba.

"Shemeji," alimwambia Balbina, "kiboksi umekilisha kama nguruwe."

"Kina kutu?"

"Hakina."

"Basi nishukuru."

Akashukuru, akasugua kila pembe kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti. Mkwaruzo ukaisha, ukabaki mvumo, mzito, usiokatika, kama nyuki waliohamia ukutani. Akabadilisha betri. Akabadilisha waya. Akasubiri mashine ya kukoboa ya jirani izimwe, maana umeme wao ulikuwa mmoja. Akakiruka kiboksi, akachomeka besi moja kwa moja. Mvumo ukapungua lakini haukuondoka. Akalaumu amplifaya, akaazima ya parokia. Mvumo ukamfuata hadi huko.

"Enzi za Kassian haukuwepo," alimlalamikia Beatus, aliyekuwa mpiga ngoma wao. "Gitaa ni lilelile, kiboksi ni kilekile."

"Labda ulikuwepo, tukawa tumelewa," Beatus akamjibu.

 Usiku ule Wendelin alikula kidogo, akavua katambuga zake za mpira wa tairi akalala na hofu. Kumwangusha Kassian mbele ya binti yake ni jambo ambalo asingeweza kulibeba.

Jumamosi akavaa viatu vyeusi vya mtumba, vya soli nene, vinavyong'aa. Oliva alikuwa amesimama mlangoni na mumewe, shela limeshikwa na wasimamizi. Wendelin alipompita, bibi harusi alimnong'oneza, "Shikamoo, baba mdogo. Nakutegemea." Balbina alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, ametazama chini. Wendelin akachomeka waya, na mvumo ukajaa ukumbi mzima.

Watu wakageuka. Mwenyekiti wa kamati akasimama, mkono ukianza kunyanyuka kumwelekea mtu wa disko.  Wendelin akainama kugusa kitufe, na hapo macho yake yakatua pembeni mwa kiboksi, mahali ambapo rangi ilikuwa imekwisha na chuma kubaki kitupu. Alikuwa amepasugua kwa mswaki akidhani ni mchubuko. Sasa alipaona vizuri. Palikuwa na upana wa dole gumba la mguu.

Akamkumbuka Kassian akifika na baiskeli kutoka shamba lake la mpunga la Kisawasawa, akiviacha viatu nyuma ya ngoma na kupanda jukwaani miguu mitupu. Bendi nzima ilimcheka. "Kassian, hapa siyo jarubani!" Naye kila mara jibu lake lilikuwa moja: "Nikivaa viatu sisikii vizuri." Wakacheka miaka yote ile, na hakuna aliyemuuliza ana maana gani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wendelin akavua kiatu, akavua na soksi yenye tundu kisiginoni, vijana wakaangua kicheko. Akaweka dole lake pale rangi ilipokwisha.

Mvumo ukakatika.

Baadaye sana alikuja kulifungua gitaa lenyewe na kukuta waya mmoja mwembamba umekatika ndani, ule wa ethi, wa kuzuia mvumo kwenye nyuzi. Kiboksi hakikuwa na kosa lolote. Mwili wa mpigaji ndio uliokuwa ukivumisha gitaa, na mguu mtupu juu ya chuma ndio uliounyamazisha. Kassian aliligundua hilo, akalivumilia pamoja na kejeli zao, akapiga.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule ukumbi ulinyamaza, na Wendelin alikuwa bado hajagusa uzi hata mmoja. Balbina akainua kichwa. Ukimya ule aliujua. Miaka yote ya ndoa yake ulikuja hivyohivyo, sekunde chache kabla mumewe hajaanza, naye akiwa amekaa mstari huohuo wa mbele. Machozi yakamtoka. Akasimama na kupiga kigelegele peke yake, muziki haujaanza.

Ndipo Wendelin akaanza kupiga, na Oliva akaingia.