Bomoa Kwanza, Ufunguo Baadaye

Ndugu wakigombana, walisema wahenga, chukua jembe ukalime. Siku ile hakuna aliyechukua jembe. Mtaa mzima ulisimama mbele ya ile nyumba ya vyumba viwili, wengine mikono kifuani, wengine simu juu, wanangoja kuona damu. Na damu waliiona, tena ya kutosha.

Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba yao. Chumba kimoja alikaa mkubwa, muuza nyama, ambaye watu walimwita Bucha hata akiwa kitandani mwake. Cha pili alikaa mdogo wake, Nondo, na mkewe na watoto. Nondo kazi yake ilikuwa kufunga vyuma vya nguzo kwenye majengo, na jina likatokea hapo hapo. Kuta za matofali ya udongo, bati moja juu ya wote, na katikati ukuta mmoja uliobeba boriti. Mvua ikinyesha, upande wa Nondo ulilowa mpaka kwenye godoro la kitinda mimba wake, na mtoto yule alikuwa na pumu. Mama yake alizoea kumkalisha kitako amwegemee kifuani ili apate pumzi. Sasa mtu wa namna hiyo akitaka nyumba kavu, nani wa kumlaumu?

Serikali ikaja na mpango wake. Ikatoa pesa, maghorofa yakajengwa ng'ambo ya barabara, na kodi ikapangwa irudishe gharama ya ujenzi na matunzo tu, hakuna mwenye nyumba wa kunenepa hapo katikati. Lakini wenye mpango walikwisha kuchezewa. Zamani watu walipewa nyumba mpya wakahamia, na kibanda cha zamani wakakipangisha kwa bei ya kuumiza. Kwa hiyo safari hii sharti likawa: bomoa kwanza, ufunguo baadaye. Unabomoa kwa mkono wako mwenyewe, afisa anaona kwa macho yake. Nyumba moja ya zamani inazaa nyumba moja mpya. Siku uliyopangiwa, saa sita mchana ikipita na ukuta umesimama, nafasi yako anapewa mwingine.

Nyumba moja, ndugu wawili. Shetani hakuhitaji kutafuta kiti, alikikuta kimeshawekwa.

Wakati wa kujiandikisha Nondo alimwendea mwenzake kwa heshima zote. "Kaka, wewe ndiye mkubwa. Andika jina lako, na sisi utuweke humo."

Bucha alicheka mpaka akakohoa. "Serikali imeshawahi kukupa nini wewe, hata chumvi? Nenda ukajiandikishe mwenyewe, mpenda vya bure. Mimi niacheni na nyama zangu."

Basi Nondo akajiandikisha, yeye, mke na watoto. Maghorofa yakainuka, yakapakwa rangi, maji yakatoka mabombani. Bucha alipoyaona yale maji, kijicho kikamkaba. Ghafla akakumbuka kwamba nyumba ni ya baba, na urithi ni urithi. "Ama tunahamia wote, ama hahami mtu," akasema. Na kuhamia wote haikuwezekana, kwa sababu ukimwingiza mtu ambaye hukumwandikisha, mnatolewa nyote. Nondo akamtafutia chumba cha kupanga mtaa wa pili. Akakataa. Mke wa Nondo akampigia magoti kabisa. "Shemeji, nakuomba, mtoto ananifia mikononi." Akakataa huku ananoa kisu, wala hakuinua uso.

Siku ikafika. Afisa alikuja asubuhi, bwana mmoja mwenye shati jeupe asiyependa vumbi, akasimama kwenye gari na fungu lake la funguo. Vitu vya Nondo vyote vilikuwa nje. Vya Bucha vilikuwa ndani, na Bucha mwenyewe amekaa kigoda mlangoni, panga la kukatia mifupa mapajani. Watu wakasihi, jirani mmoja akajaribu kumshika bega akatupwa kwenye ndoo, jua likapanda. Mpaka adhuhuri ilipokaribia, hakuna tofali lililoguswa.

Nondo akaishika nyundo kubwa ya kubomolea. "Toka, kaka."

"Nitoe."

Panga lilikuja kabla neno halijaisha. Nondo akainua mpini wa nyundo, ubao ukalipokea, lakini makali yakateleza yakashuka mpaka mkononi. Kidole cha shahada kikaenda. Alikiona pale chini kwenye mavumbi, kidole chake kabisa, kile cha kupindia waya, na kwanza hakuumwa. Alipigwa na hasira tu, hasira ya miaka, ya kila tusi alilomeza kwa kuwa yule ni mkubwa.

Akamrukia. Kichwa chake kikaingia mdomoni mwa Bucha, meno yakasagika, panga likaanguka. Wakabingirika mpaka kwenye jiko la jirani, chungu kikamwagika, uji ukawaunguza wote wawili na hakuna aliyeachia. Bucha akamng'ata sikio. Nondo akamtia vidole machoni, vile vilivyobaki. Mikono ya Bucha, iliyozoea kuvunja mbavu za ng'ombe, ikampata shingoni, na Nondo akaanza kuona giza. Mkewe akaja na mchi. Akampiga shemeji yake mgongoni, tena na tena, huku analia, "Mwachie! Mwachie mume wangu, wewe mnyama!"

Bucha akalegea kidogo tu. Hiyo ikatosha. Nondo akajinasua, akaokota nyundo, akaizungusha kwa chini kwa nguvu zake zote. Ikatua gotini. Kila mtu alisikia mfupa ulivyovunjika, na mpuuzi mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu!" Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, laana iwashukie.

Bucha hakulia. Alijikokota kwa viwiko, akaingia chumbani kwake, akasukuma mlango kwa mgongo na kutia komeo.

Afisa akatazama saa yake. "Ndugu, muda karibu unakwisha. Siwezi kusema imebomoka na mimi naiona imesimama."

"Kuna mtu ndani!" mke wa Nondo akamwambia.

"Hayo ni ya kifamilia, mama. Yamalizeni wenyewe."

Kutoka ndani ikaja sauti ya Bucha, nzito, mdomo umejaa damu. "Bomoa! Bomoa kama wewe ni mwanamume!"

Sasa Nondo alimjua kaka yake, au alidhani anamjua. Tangu utotoni Bucha alikuwa mtu wa vitisho. Walikuwa wakisimama relini, treni inakuja, Bucha anasema atakayeruka kwanza ni mwoga. Na kila siku aliyeruka kwanza alikuwa yeye Bucha, kisha anasingizia ameteleza. Hakuwahi kungoja mwisho hata siku moja. Nyuma ya kile chumba kulikuwa na dirisha pana lisilo na chuma, mtu hata mnene anapita.

"Ataruka," Nondo akasema, anahema. "Namjua huyu. Nikipiga tu, ataruka."

Akazungukia upande wake mwenyewe, akaukabili ule ukuta wa katikati. Akapiga. Vumbi likamwagika. Akapiga tena. Mkewe alikuwa mlangoni anamwambia jambo, na masikio ya Nondo yalikuwa yamejaa mlio na damu, akapiga mara nyingine, kisha ndipo maneno yakamfikia.

"Baba watoto, ataruka kwa mguu gani?"

Nyundo ilimponyoka. Boriti ikalia juu. Mkewe akamvuta shati, wakaangukia nje, na nyumba ya baba yao ikashuka yote, bati na matofali, upande wa Bucha kwanza.

Nondo alichimba kwa mikono. "Kaka! Kaka, nijibu! Nitakubeba mimi, nijibu tu!" Wale wa simu waliziweka chini hatimaye, wakaja kuinua bati. Walimkuta Bucha chini ya dirisha, mkono mmoja umeshika kizingiti. Alikuwa amejaribu. Hakuwa na pumzi tena.

Yule afisa hakujua afanye nini na mikono yake, akafanya lile moja alilojia: akanyoosha ufunguo. Mke wa Nondo aliutazama. Kitinda mimba alikuwa anakohoa vumbi, midomo inageuka rangi. Akaupokea, akambeba mtoto, akavuka barabara bila kugeuka.

Nondo alichukuliwa na polisi. Kituoni, askari wa zamu alimuuliza jina, akamuuliza kazi, kisha akamuuliza anakoishi.

"Yale maghorofa mapya," Nondo akasema.

"Umekaa huko muda gani?"

Nondo akautazama mkono wake uliofungwa tambara. "Bado sijaingia, afande," akasema, kisha akamlilia kaka yake kwa sauti mbele ya watu wote.