Gego Jipya la Mama

Fundi wa meno ya bandia alishatengeneza kofia za kuvika magego mabovu hata hesabu hana, lakini hii ya mama yake ilimtoa jasho. Siku tatu alichonga vilima na mabonde yake, na leo daktari amemvika mama aijaribu.

"Inakaaje, mama?"

"Sawa kabisa, mwanangu."

Roho haikumtulia. Huyu mama naye! Aliwahi kunywa chai ambayo mwanawe aliitia chumvi badala ya sukari, akaomba kikombe cha pili. Neno lake si kipimo hata kidogo.

Akamwekea katikati ya meno karatasi ya rangi, ile inayotia doa pale meno yanapogusana. "Uma."

Karatasi ilipotolewa, akachungulia. Doa moja tu la buluu, juu ya gego jipya. Meno mengine yote meupe. Mama alikuwa anauma kwa jino moja, tena anatabasamu.

Akakisaga kile kilima alichokipenda kuliko vyote, mpaka madoa yakaenea pande zote.

"Na sasa?"

Mama akauma, akashusha pumzi. "Sasa ndiyo yamekutana. Mwanzo lilinigonga mpaka utosini."

"Mbona hukusema?"

"Ulivyokuwa unaniangalia, ningeanzaje?"