Shemeji wa Ukurasa wa Tisini na Saba

Katika maisha yangu sijawahi kukisemea kitabu ambacho sijakimaliza. Nalisema hili mapema ili tuheshimiane. Wapo wanaosifia kitabu kwa jalada, wengine kwa unene, wengine kwa sababu kimemliza jirani. Mimi nikisema kitabu ni kizuri, ujue nimefika ukurasa wa mwisho kwa macho yangu mwenyewe, tena nimefika nikiwa mzima.

Njia niliyopita hadi kufika huko ni siri yangu na kitabu.

Nafanya kazi kwa shangazi. Duka lake lina vyumba viwili. Cha mbele anauza vitabu vilivyokwisha kusomwa na wenzetu, cha nyuma tunavitibu vilivyochoka. Cha nyuma ndicho changu. Kitabu kikiletwa kimekatika mgongo, nakifumua, nakwangua gundi ya zamani, kisha napanga yale mafungu ya kurasa kumi na sita ambayo sisi tunayaita vitita. Nashona kitita kimoja baada ya kingine, napaka gundi, nabandika kitambaa mgongoni, naweka tofali juu. Shangazi anashona kwa uzi mweupe. Mimi natumia mwekundu. Kazi ya mkono wangu lazima ijitambulishe yenyewe.

Shangazi ana sheria moja: kabla ya kuunganisha kitita na kitita, soma mstari wa mwisho wa hiki na wa kwanza wa kile, uone kama maneno yanashikana mikono. Mimi niliona huko ni kuchelewesha wateja. Kurasa zina namba. Namba zikifuatana, nani tena wa kuulizwa?

Gundi ikianza kukauka ndipo nasoma. Ukurasa wa kwanza polepole, wa mwisho kwa makini, na katikati namwamini mwandishi. Halafu naandika maoni kwenye kadi na kuichomeka kitabuni. Riwaya moja ya upelelezi niliiandikia: "Mpelelezi anakunywa kahawa kuliko anavyopeleleza. Muuaji anakamatwa kwa kuchoka kusubiri." Ya mapenzi nikaandika: "Miaka yote hiyo anamngoja kituoni. Mimi ningepanda basi." Na kile kinachofundisha watu kuzungumza hadharani: "Kingekuwa kifupi, tungekisikiliza."

Usicheke, kadi zile ziliuza. Watu wakaanza kuingia dukani kusoma kadi kwanza, vitabu baadaye. Shangazi mwenyewe alicheka mpaka akashika meza, akanipachika jina la Profesa. Nikaona huu ndio wakati wa kuomba kiti cha mbele, kile kirefu kilicho karibu na mlango, kwenye hewa, ambacho mtu anakikalia vidole vyake vikiwa havinati.

"Mwalimu Mkuu amechukua *Taa ya Mjane* kwa ajili ya kadi yako tu," shangazi akasema. "Anatafuta vitabu vya maktaba ya shule. Akirudi akachagua kwa neno lako, kiti ni chako. Akirudi amenuna, mwanangu, utazeeka na gundi."

"Shangazi, wewe chagua tu rangi ya mto wa kukalia."

Sikuwa na wasiwasi. Kadi ya *Taa ya Mjane* ilikuwa fahari yangu: "Riwaya imenyooka kama msumari. Haina neno la ziada. Ukiianza, hutakumbuka hata kunywa maji." Mto wenyewe nilianza kuushona jioni ile ile, kwa uzi mwekundu.

Siku ya siku ikafika. Asubuhi aliingia Spana, fundi pikipiki ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wetu. Mkononi alishika *Amka Kabla ya Jua Lako*, kitabu cha kujiendeleza nilichomuuzia mwenyewe, chenye kadi isemayo: "Vingine vinahubiri. Hiki kinaongea na wewe kama mtu wa ukoo."

"Profesa, mdogo wangu, hiki kitabu si cha kawaida."

"Mimi na vya kawaida wapi na wapi?"

"Ananiambia nipange malengo. Sawa, nimepanga. Nafungua ukurasa wa tisini na saba, mara kuna mwanamke anamwaga mafuta ya taa mlangoni! Kashika mchi, anamvizia shemeji yake. Kurasa kadhaa ni shemeji tu, shemeji tu. Halafu tunarudi kwenye malengo kama hakuna kilichotokea. Sasa niambie, huyo shemeji ni nani?"

Swali likikuzidi, mrudishie mwenyewe. "Wewe unadhani ni nani?"

"Mimi nimemfikiria shemeji yangu. Yule aliyekuja kwangu kusalimia, mpaka leo anasalimia."

"Hapana, kaka, usimguse!" Nikaona damu ya mtu itakuwa juu yangu. "Ule ni mfano. Shemeji ni uvivu. Anaingia kwako bila hodi, anakula, anajinyoosha kwenye kochi. Mafuta ni nidhamu. Uvivu ukikanyaga nidhamu, chali!"

"Na mchi?"

"Mchi... Mchi nakuachia ukaufikirie mwenyewe. Mwandishi mzuri hamalizi kila kitu."

Spana akatikisa kichwa kwa furaha kama mtu aliyepata dawa ya jino. Akarudi kibandani anapiga mluzi. Nami nikarudi kwenye gundi nikijiona mkubwa kidogo kuliko chumba.

Haikupita muda mrefu, Mwalimu Mkuu akafika na pikipiki yake. Akamwachia Spana aikague breki, akaingia na begi lake. Huyu mama alinifundisha insha, na kumbukumbu yake haina huruma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unaandika utangulizi na hitimisho tu?"

"Siku hizi natia na kiini, Mwalimu."

Shangazi akatoka nyuma na sindano yake mkononi ili asipitwe. Mwalimu Mkuu akaitoa *Taa ya Mjane*, akaiweka mezani, kadi yangu ikichungulia.

"Umesema haina neno la ziada."

"Hata moja."

"Pale karibu na katikati, mjane ameshika dumu la mafuta ya taa, shemeji yake yuko njiani anakuja. Ulijisikiaje?"

Shemeji? Tena na mafuta? Masikio yangu yakasimama. Nikajituliza kwamba mashemeji ni wengi duniani, na mafuta ya taa yanauzwa kila mahali.

"Pumzi ilinikata, Mwalimu. Pale ndipo mwandishi alipoonyesha ukomavu."

"Ahaa." Akavaa miwani, akafungua, akasoma kwa ile sauti yake ya imla: "'Mjane akalibeba dumu, akanyata hadi mlangoni, na hapo akaanza...'" Akafunua ukurasa wa tisini na saba. "'...kunywa glasi mbili za maji ya uvuguvugu kabla ya kupiga mswaki. Kisha simama mbele ya kioo ujiambie: mimi ni mshindi.'"

Nje, Spana alikuwa akigonga kitu.

"Wachapishaji hawa!" nikafoka. "Siku hizi kiwandani hakuna mtu makini kabisa!"

Shangazi akakichukua kitabu, akakikunja mgongo, akatazama ndani ya mshono. "Uzi mwekundu," akasema.

Riwaya hii na kile kitabu cha Spana vilikuwa mezani kwangu siku moja, vya ukubwa mmoja, vyote vimefumuliwa, na kila kimoja kina kitita kinachoanzia tisini na saba. Namba zilifuatana vizuri sana. Maneno ndiyo hayakushikana mikono.

"Kuchanganya kwenye kushona, hilo linamtokea yeyote," Mwalimu Mkuu akasema. "Mimi nauliza habari ya kusoma. Siwezi kuwajazia watoto maktaba kwa maneno ya mtu ambaye hasomi. Ulikisoma au hukukisoma?"

Nikakitazama kiti kirefu. Nikayakumbuka maneno ya Spana ya asubuhi, na nikahisi akili yangu ikiwaka kama taa ya huyo mjane.

"Mwalimu, mimi nasoma kwanza, nafumua baadaye. Vyote viwili nilivisoma vikiwa vizima, jalada hadi jalada. Mjane anayamwaga yale mafuta mlangoni. Halafu anashika mchi, anamvizia shemeji. Naiona ile picha mpaka leo."

Mwalimu Mkuu akamgeukia shangazi. "Ni kweli kuna mchi?"

"Upo," shangazi akasema taratibu. Yeye aliisoma riwaya hiyo tangu usichana wake. "Mafuta, halafu mchi. Ni kweli kabisa."

Ah, utamu wa dakika ile! Mwalimu Mkuu akakunja miwani, akasema basi amenionea, akaanza kuzungusha macho kwenye rafu. Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo baba yangu angelipa kuliona, akauweka mto wangu wa uzi mwekundu juu ya kiti kirefu, akaupigapiga kwa kiganja. Nikaketi. Miguu ikaning'inia. Hewa ya mlangoni ikanipiga usoni, nikajua nilizaliwa kwa ajili ya kiti hiki.

Mlango huo huo ukazibwa na Spana, anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Breki tayari, Mwalimu. Unachagua vitabu? Basi msikilize huyu kijana, usimdharau. Asubuhi nilimletea hiki changu cha kuamka mapema, kuna sehemu imenishinda. Kuna mwanamke, mafuta, shemeji. Sikuelewa kitu! Kanifafanulia mpaka mwili ukanisisimka. Kumbe shemeji ni uvivu! Mafuta ni nidhamu!"

Nilimkonyeza. Nilikohoa. Spana akadhani namtia moyo.

"Mchi tu ndio alioniachia nikaufikirie, na nimefikiria mpaka nimeshindwa. Profesa, hebu waambie."

Shangazi aliiweka sindano mezani, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu kama mwanafunzi.

"Ehe, Profesa," akasema. "Mchi ni nini?"