Maneno Kumi ya Daktari

…na atabakisha maneno manne, si matatu, manne kabisa, maana mwaka jana alibakisha matatu na alipogongwa kichwa katikati ya msimu alipita kipimo kwa taabu, kwa hiyo leo atataja sita tu kati ya kumi, ajikune kisogo kidogo, daktari aandike sita, mambo yaishe, Ijumaa atie sahihi mkataba wa mwaka mmoja, wa mwisho, ameshamwapia mkewe kuwa ni wa mwisho, ingawa hata ule uliopita aliuapia vivyo hivyo… "Haya kaka, nirudishie yale maneno kumi niliyokusomea, hata kama si kwa mpangilio," anasema daktari, dada mpole, kalamu tayari, nyuma yake mzani na picha ya mtu asiye na ngozi, misuli yote nje, na Kasuku, namba tisa wa timu ya raga, miaka thelathini na minne, vidole viwili havinyooki tena, anaanza, dirisha, sabuni, anakwenda polepole makusudi, ujanja huu alifundishwa na mkongwe wa safu ya mbele, pande la mtu, masikio yamefinyangika kwa misuguano, katika msimu wa kwanza wa Kasuku kulipwa, "Sikiliza we mfupi, mwanzo wa msimu jifanye bwege, ukigongwa watakupima tena, watalinganisha, wataona bwege ni yule yule, watakurudisha uwanjani," wakacheka mpaka wakashikana mabega, na kwa ubwege huo amecheza misimu kumi na mitatu, klabu ya kwanza yenye bafu moja la maji baridi, kisha ng'ambo miaka minne, akajifunza kupayuka kwa lugha ya watu, kisha jezi ya taifa mara mbili, mara zote dakika kumi za mwisho, kisha hapa, na kazi ile ile, kuinama nyuma ya majitu manane yanayosukumana, kuuchomoa mpira, kuurusha kabla hajakanyagwa, na kusema, kusema bila kupumua, kushoto, subiri, sukuma, wewe mnene amka, namba tisa akinyamaza timu nzima inapotea, ndiyo maana wakamwita Kasuku… kamba, kiatu, anahesabu kwa kidole gumba chini ya paja, hayo manne, na nje wenzake wanakimbia kuzunguka uwanja, anawasikia wakitaniana, watu wema, hata siku ile ya nusu fainali hawakumlaumu, alipopaza sauti "Daraja!" na wote wakageuka kumtazama, "Daraja gani tena, Kasuku?" kwa sababu Daraja ilikuwa mbinu ya ile klabu ya ng'ambo, hapa hakuna aliyewahi kuisikia, mpira ukaporwa, akasingizia kelele za mashabiki, na kelele zilikuwepo, nani angebisha… mkate… nyumbani ndiko hakuna mashabiki wa kusingizia, "Nimekutuma vitu vitatu, baba, umeniletea viwili na gazeti," mkewe alicheka, yeye akacheka, binti yao akacheka zaidi, mara ya pili wakacheka tena, mara ya tatu mkewe hakucheka, alichukua karatasi, akaandika, akaikunja, akamtilia mfukoni mwenyewe, akaendelea kuosha vyombo… wingu, hayo sita, safi, hapa ndipo pa kusimama, uso wa kuchanganyikiwa ameshauvaa, sasa akague tu yale manne aliyoyaficha, kama mtu anavyopapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo, anapapasa, kulikuwa na ndimu, hapana, ndimu ni ya mwaka jana, au ya mwaka juzi, aanze upya, dirisha, sabuni, kamba, kiatu, mkate, wingu, halafu… dirisha, sabuni… halafu hakuna kitu, peupe, si neno lililo kwenye ncha ya ulimi, hakuna hata ulimi, na jasho linamtoka kwapani ingawa hajakimbia hata hatua moja, anaogopa, kwa kweli anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa jitu lolote uwanjani, maana hakuficha kitu, yamekwenda yenyewe, na huyu dada hajui, ataandika sita ile ile aliyoipanga, Ijumaa atatia sahihi, na siku akigongwa watalinganisha, wataona bwege ni yule yule, watamrudisha uwanjani, kila mara watamrudisha, mpaka siku atakayosimama sokoni na karatasi ya mkewe mkononi asijue ni ya nini…

"Yapo mengine, kaka? Taratibu, hatukimbizwi." Kalamu iko pale pale juu ya karatasi. Nje kuna mtu anaita, Kasuku, Kasuku, unachumbia huko ndani au unapimwa, wengine wanaangua kicheko, na angeweza kusema "Hayo tu, daktari," maneno matatu mepesi, ameyasema mwaka baada ya mwaka.

"Nilipanga kukuficha manne," anasema. "Sasa nayatafuta, siyaoni."